Kitambaa cha bawa: kwanza uliza kama kinarudi

Lalamiko la wajenzi wa ndege za modeli hapa Mwanza ni lile lile: jioni bawa limekaza kama ngoma, asubuhi limelegea kama shuka. Lawama zote hutupiwa gundi. Kosa lilifanyika dukani, mtu alipochagua kitambaa kwa rangi na bei bila kujua kama kinarudi, yaani kinasinyaa na kukaza, kikipigwa pasi. Cha kuvuta kwa mkono hakikai.

Bitana nyingi utakazokuta ukizunguka Makoroboi zilishapitishwa kwenye joto kiwandani, zikarudi zikamaliza huko huko. Nyingine zinaitwa polista kumbe zina pamba. Kwa hiyo nunua robo mita kwanza. Choma nyuzi mbili: polista inayeyuka na kuacha shanga ngumu, pamba inaacha jivu laini lenye harufu ya karatasi. Halafu chora mraba wa sentimita 10, pitisha pasi kavu ya moto wa kati. Ukipungua milimita 5, rudi kachukue mita zako. Usipopungua, shonea mto. Pasi isizidi nyuzi 175 hivi. Ukiivusha sana, polista inalegea badala ya kukaza.

Namba moja kwangu ni Oratex ya Ujerumani, na upendeleo huo siufichi. Inakuja na gundi mgongoni na rangi yake tayari, hivyo mkia hauongezewi gramu za rangi zitakazokudai madini ya risasi puani ili ndege isawazike. Kuiagiza kunauma mfuko.

Ya pili, Koverall ya Sig ya Marekani: polista inayorudi vizuri, ila gundi na rangi ni juu yako.

Ya tatu ni bitana iliyofaulu pasi. Uzi wa urefu wa kitambaa ufuate urefu wa bawa. Gundi iwe kingoni tu, kisha pasi juu na chini kwa zamu, la sivyo bawa litajisokota. Ziba matundu kwa klia ya NC (vanishi angavu ya nitroselulosi), nusu klia nusu tina, mikono mitatu. Mkono wa kwanza brashi iwe karibu kavu. Ikilowa, klia inapenya na kuganda matone upande wa ndani. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jioni unyevu wa ziwa unaganda juu ya klia, na bawa linapata ukungu mweupe. Likishapata, subiri jua, pitisha tina ya kukauka taratibu. Injini ya methanoli itaila klia ya NC; hapo malizia kwa klia ya gari yenye hadina (dawa ya kuikausha iwe ngumu).

Nailoni ya mwavuli inakunywa unyevu na kulegea. Achana nayo.

Sasa hawa wauzaji. Robo mita wanakataa kukata, huku wanakuapia ni polista tupu. Klia ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ndiyo balaa: imechakachuliwa kwa tina, na unailipia bei ya klia. Chovya kijiti kabla hujatoa hela. Klia nzima inashuka kama uzi wa asali. Ikidondoka matone kama maji, mrudishie chupa yake.