Slaidi za mzizi wa kitunguu: slaidi nzuri, kijitabu kinapotosha

Miaka 11 ya kufundisha baiolojia nimekuwa nikiandaa slaidi za mizizi mwenyewe: nakata ncha, nailainisha kwa asidi, naitia rangi, kisha naiponda chini ya kioo kwa kidole gumba. Ukibahatika unazihesabu kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) zote 16. Lakini ukishaponda, seli zimetawanyika kama njugu zilizomwagika, hujui tena ipi ilikuwa juu ya ipi. Ndiyo maana nikaagiza kisanduku hiki cha slaidi tano zilizokatwa kwa urefu wa mzizi.

Slaidi ya kwanza tu ilinitosha. Kwa lenzi ya mara 40 seli zimepangana safu safu kama matofali, na karibu kila inayogawanyika ukuta wake mpya umekingama. Safu inaongezeka urefu. Halafu, pembeni kidogo, mwanafunzi akaona moja iliyogawanyika kwa wima, safu moja ikawa mbili. "Mwalimu, hii imekosea?" Wala. Seli ya mmea imeshikamana na jirani zake, haihami. Ukuta ukishawekwa, umewekwa, na mwelekeo wake ndio unaoamua safu irefuke au ziwe mbili. Tulimaliza kipindi kizima kwenye seli ile moja.

Muuzaji anadai kila kitu kinaonekana. Si kweli. Kabla kromosomu hazijajipanga katikati, seli huvaa utepe wa mikrotubuli (vijirija vyembamba vya protini) chini ya utando wake, kama mkanda kiunoni. Kiini kikivunja ganda lake, utepe umeshatoweka, na bado ukuta mpya huja kugusa ule wa zamani palepale mkanda ulipokuwa. Watafiti Pickett-Heaps na Northcote waliuona mwaka 1966 kwenye ngano, tena kwa hadubini ya elektroni. Kwa rangi hizi za kawaida usijisumbue kuutafuta.

Kinachoonekana, na kinaonekana vizuri, ni ukuta ukijengwa. Slaidi ya pili ina seli ambayo bamba lake, yaani ukuta mpya ukiwa mchanga, limeanzia katikati na halijafika pembeni, limening'inia kati ya viini viwili. Kila nikifungua kisanduku naanza na hiyo.

Sasa kijitabu kilichokuja na kisanduku. Mchoro wa seli ya kitunguu umewekewa sentrioli, vile vijibomba vinavyokaa kwenye ncha za seli ya mnyama inapogawanyika, mbili kila upande! Mimea inayotoa maua haina sentrioli. Aliyechora amenakili seli ya mnyama akaizungushia ukuta. Slaidi ya nne rangi imezidi, kromosomu zimekuwa doa jeusi. Ya tano imekatwa mshazari, na hili ndilo baya zaidi, maana kuta zinaonekana zimelala upande na mwanafunzi ataandika hivyohivyo kwenye ripoti. Nililalamika, nikatumiwa nyingine, nayo mshazari.

Nyota nne kwa sababu ya zile mbili za mwanzo. Sentrioli nimezibandikia karatasi.