Wi-Fi na Bluetooth Zikigombana Ndani ya Laptopu: Ununue Nini Kwanza

Dalili zinajulikana: kipanya kisicho na waya kinarukaruka, sauti ya masikioni inakatakata, na Wi-Fi inazubaa pale tu unapochomeka diski ya nje. Wengi hukimbilia kununua kipanya kipya, ilhali mara nyingi cha zamani hakina kosa. Kipokezi chake (kile kidude kidogo cha USB), Bluetooth na Wi-Fi ya kawaida vyote vinatumia masafa ya gigahezi 2.4, tena vikiwa vimebanana ndani ya kifaa kimoja. Nimepanga vya kununua kwa kuanza na kinachosaidia zaidi kwa gharama ndogo.

1. Kebo fupi ya kuongezea, ya USB 2.0

Watu huidharau, lakini mimi ningeanza nayo. USB 3.0, inayotumiwa na diski nyingi za nje, hupitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo humwaga kelele ya redio hadi kwenye gigahezi 2.4, Intel walilieleza jambo hili mwaka 2012. Kipokezi kidogo cha kipanya kikikaa tundu moja pembeni ya diski, kelele inakizidi nguvu. Kisogeze nusu mita tu, mambo hubadilika. Usiongeze pesa kwa kebo ya USB 3: kipanya hakihitaji kasi hiyo.

Kabla hujalipa chochote, chomoa diski huku ukisogeza kipanya. Kikitulia papo hapo, mkosaji umempata. Jaribu pia tundu la upande wa pili wa laptopu, huenda hata kebo isihitajike.

2. Ruta yenye gigahezi 5

Bluetooth ya kawaida hurukaruka kwenye chaneli 79, kila moja ikiwa na upana wa megahezi 1. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 inajua kukwepa chaneli zenye msongamano, ila ni lazima ipate pa kukimbilia. Wi-Fi yenye upana wa megahezi 20 hula karibu robo ya eneo hilo; ikiwekwa megahezi 40, nusu imekwisha. Ukihamishia Wi-Fi kwenye gigahezi 5, Bluetooth inabaki na uwanja wake.

Ila kagua kwanza ruta uliyonayo. Nyingi zina masafa yote mawili chini ya jina moja, na laptopu imeng'ang'ania 2.4 bila wewe kujua. Yatenganishe majina uone. Ubaya wa gigahezi 5 ni kwamba kuta huzidhoofisha haraka.

3. Kadi ya ndani yenye Wi-Fi na Bluetooth pamoja

Redio hizi zikiwa kwenye kadi moja, hupeana zamu ya kurusha. Vidude viwili tofauti vya USB havijui mwenzake anafanya nini. Hapa soma namba kwa makini: kadi ya AX210 ya Intel hutumia PCIe, njia ya kawaida ya kuunganisha kadi ndani ya kompyuta, lakini AX211 inataka prosesa ya Intel inayoikubali. Laptopu nyingine kadi yake imechomelewa kwenye ubao, haibadiliki. Ukiifunga mwenyewe, bonyeza viunganishi vya antena wima mpaka vilie "tik"; kimoja kikilegea, mtandao utaonekana lakini hafifu.

4. Kebo ya USB 3 yenye kinga nzuri

Kinga ni tabaka la chuma ndani ya kebo linalozuia kelele isitoke, kwa hiyo inafaa kama diski ndiyo chanzo. Shida yake ni kwamba kinga haionekani kwa nje, kwa hiyo unanunua kwa imani. Ndiyo maana nimeiweka huku chini.

Usinunue

Shanga za feriti, zinazobanwa kwenye waya ili kupunguza kelele, hufaa zaidi masafa ya chini kuliko haya. Vibandiko vya "kuzuia mionzi" viache dukani: kingezuia kweli mawimbi, kingezuia na ya Wi-Fi yako. Na usifunge kipokezi kwa karatasi ya alumini. Kipanya kitapoteza mawasiliano, na karatasi ikiingia ndani ya tundu inaweza kuleta shoti.