Kozi ya lugha ya alama iliyonizuia kwenda kwa viziwi

Nilipania kuipa kozi hii nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubaliki. Sasa sijui. Ngoja niseme yaliyonikuta.

Ilikuwa kama mwezi wa pili wa masomo. Nikauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, tutakutana na viziwi lini?" Akanitazama kama nimemwomba funguo za gari lake. "Wewe? Utawakera tu. Maliza hatua ya tatu kwanza." Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, cheko la kuficha aibu, huku roho inaungua. Hatua ya tatu! Mtoto hujifunza kuongea kwa mama yake, au husubiri cheti?

Jumamosi moja nikaenda mwenyewe, bila kuaga mtu, mahali viziwi wanapokutana kupiga soga. Silaha zangu zilikuwa alfabeti ya vidole, yaani kila herufi na umbo lake la vidole, na alama kama mia mbili. Nikamsogelea mama mmoja wa makamo, nikamwamkia, nikamuuliza kama yeye ni kiziwi.

Akanijibu: "Najua."

Nikadhani hakuniona vizuri, nikarudia. Akapiga mguu sakafuni kuwaita wenzake, akawasimulia, wakacheka hadi mmoja akashikilia meza. Kijana mmoja akanihurumia. Akajigusa nyusi, akaziinua, akaninyooshea kidole. Kumbe swali la ndiyo au hapana linakaa kwenye nyusi! Ukiuliza nani au wapi, unazikunja. Mimi mikono yangu ilisema "wewe kiziwi" huku uso umekauka kama picha ya kitambulisho. Sikuwa nimemuuliza mama wa watu kitu. Nilikuwa nimempa taarifa.

Muda wote ule darasani, hakuna aliyetaja nyusi. Na sababu naijua: mwalimu wetu anasikia, na hufundisha huku anaongea, alama moja kwa kila neno, kwa mpangilio uleule wa sentensi ya mdomo. Atainua nyusi za nini wakati swali ameshalimaliza kwa sauti? Siku ya kwanza alituambia kila mtu ajichagulie jina la alama, yaani alama ya kumtaja yeye. Mama aliponiuliza langu nikamwonyesha kwa mbwembwe. Akaushika mkono wangu, akaushusha taratibu. Jina la alama mtu hajipi. Viziwi ndio wanaokupa, wakishakuzoea.

Nilikaa naye mpaka jioni. Akanionyesha jinsi walivyokuwa wakichapwa rula mikononi shuleni wakionekana wanaongea kwa alama. Nikaja kusoma baadaye kwamba mwaka 1880, mjini Milan, mkutano wa walimu wa viziwi ulipitisha azimio kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa mdomo, alama ziachwe. Ikabidi ifike 2010, kwenye mkutano kama huo mjini Vancouver, ndipo wakatamka kusikitika. Miaka 130! Darasani kwetu hili halikupata hata dakika tano.

Nyota moja, basi? Hapa ndipo mama aliponiharibia hasira zangu. Nilimsimulia maneno ya mwalimu nikitegemea awake. Hakuwaka. Akasema wanafunzi huja kwao karibu na mtihani, wanafanyia mazoezi juu yao, wakishapata cheti hawaonekani tena. "Pengine alikuwa anatuonea huruma sisi," akasema. Nilikosa la kujibu. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na haki? Hapana. Labda kidogo. Basi angelisema hivyo, si kunifanya kichekesho mbele za watu.

Tena, kusema kweli, siku ile kilichoniokoa ni alfabeti ya vidole aliyonifundisha mwalimu. Kila alama niliyoikosa nililitaja neno lake kwa vidole, herufi kwa herufi, polepole kama mkokoteni, na wakanisubiri. Wanasubiri, hao watu! Ukikosa neno ukapunga mkono kusema "achana nalo, si muhimu", hapo ndipo wanapokasirika kweli, maana wameambiwa hivyo maisha yao yote.

Nyota tatu, basi. Hapana, mbili, kwa sababu ya tangazo lao: eti ukimaliza utaelewana na viziwi wa dunia nzima. Uongo mtupu. Mwingereza na Mmarekani wanaongea Kiingereza hichohicho, lakini viziwi wao wana lugha mbili mbalimbali. Hata alfabeti ya vidole, kule Uingereza ni ya mikono miwili, Marekani mkono mmoja.

Bado naenda kila Jumamosi, na kuaga peke yake kunachukua saa nzima pale mlangoni. Karibuni wamenipa jina: ncha ya ulimi inayochungulia pembeni mwa mdomo, kwa kuwa ndivyo ninavyofanya nikihangaika na herufi. Si jina la kuringia. Juzi mwalimu akaniona nikilitumia, akauliza nimelitoa wapi. Nikamjibu kwa alama, mdomo nimeufunga, kwamba nimepewa na wale niliowakera.

Akaniomba nirudie, taratibu.