Kreshi ya Bel-Air: nzuri hadi saa kumi na nusu

Kwa miezi kumi na minne sasa nimekuwa nikimpeleka mwanangu wa pili katika kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo, kile ambacho wengi wetu hapa Lubumbashi hukiita kreshi, kilichofunguliwa ndani ya nyumba ya kawaida ya kuishi katika mtaa wa Bel-Air, komine (sehemu ya utawala wa mji) ya Kampemba. Sitalitaja jina lake, kwa sababu pamoja na sifa nyingi nilizo nazo juu yake nina lawama moja nzito, na lawama hiyo nimesikia akina mama wenzangu wakiitoa kwa vituo vingine pia. Mimi ni karani wa hesabu katika ofisi ya uwakala wa forodha mjini, inayoshughulikia malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa. Mume wangu yuko mgodini Kolwezi, majuma matatu huko na juma moja nyumbani. Mama mkwe wangu, aliyemlea binti yetu wa kwanza, sasa ana kisukari na macho yake yamedhoofu, kiasi kwamba si haki kumwachia mtoto anayetambaa.

Nilikihitaji kituo mapema sana. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mwanamke likizo ya uzazi ya wiki 14, na kati ya hizo zisizozidi 8 ndizo zinazofuata kujifungua, huku akilipwa theluthi mbili za mshahara wake. Mtoto wa wiki nane chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, na ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwenye kituo halikuhusu vitu vya kuchezea, ambavyo alikuwa amevipanga sebuleni ili wageni wavione, bali lilihusu friji. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa muda wa saa 4 hivi katika joto la kawaida la chumba, na hadi siku 4 katika friji inayofanya kazi. Na katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga, uzito wote uko kwenye hayo maneno mawili ya mwisho.

Alinijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Friji ya maziwa ni tofauti na ya chakula, ndani yake hupangwa chupa za maji yaliyoganda ili baridi isitoroke haraka wakati wa delestaji, yaani mgao wa umeme, na umeme ukichelewa kurudi jenereta huwashwa. Kila biberoni, yaani chupa ya kumnyweshea mtoto maziwa, hubandikwa karatasi yenye jina la mtoto na saa ya kukamuliwa, na maziwa yanayobaki baada ya mtoto kushiba humwagwa. Nilisikitika kuyaona yakimwagwa, maana nilikuwa nikiyakamua katika chumba cha mafaili wakati wenzangu wakila, lakini walikuwa sahihi wao. Siku moja tu nilikuta biberoni yenye jina la mwanangu mkononi mwa mlezi aliyekuwa akimnyonyesha mtoto mwingine. Nilipiga kelele, sikatai. Tangu kesho yake kila mtoto ana utepe wa rangi yake kwenye biberoni, na kosa hilo sijaliona tena.

Mengine yanaridhisha. Chumba cha wachanga kina walezi wawili kwa watoto saba, na watoto wakubwa kidogo, ambao humwita kila mlezi tantini, yaani shangazi, wana chumba chao na bukari (ugali) kwa lengalenga (mchicha) na dagaa mchana. Mwezi wa Juni na wa Julai, wakati baridi ya asubuhi inapouma hapa kwetu, magodoro huinuliwa juu ya vitanda vya mbao badala ya kulazwa kwenye sakafu ya saruji. Kila mtoto ana daftari linaloandikwa saa ya kula, saa ya kulala na idadi ya pampasi zilizobadilishwa. Mimi kama karani nakiri kwamba daftari hilo lilinivuta kuliko rangi za ukutani.

Siku mtoto alipopata homa walinipigia simu saa nne asubuhi, wakaniomba ruhusa kabla ya kumpa dawa yoyote, wakampangusa kwa kitambaa chenye maji, na nilipofika walinionyesha joto lake lilivyoandikwa mara tatu. Kipimo cha kituo cha afya kilithibitisha malaria. Kanuni yao ni kwamba mtoto mwenye homa harudi mpaka homa iishe, nami naiunga mkono, ingawa siku mbili hizo zilikatwa katika likizo yangu ya mwaka.

Neno moja kuhusu simu. Katika fomu ya kumwandikisha mtoto, nambari ya baba tuliiweka juu kwa makusudi kwa yale majuma anayokuwa nyumbani, na kila mara kituo hunipigia mimi. Kuna siku mume wangu alikuwa amesimama langoni kumchukua mtoto, huku mimi nikipokea simu mjini nikiulizwa kama bwana huyo anajulikana.

Sasa nifike kwenye lawama yenyewe, ambayo ni ya hesabu. Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na nusu alasiri, yaani saa 10 kamili, nazo kwenye karatasi zinaonekana nyingi. Sheria ileile ya kazi inaruhusu saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ofisini kwetu tunaingia saa moja na nusu, tunapumzika nusu saa mchana na kutoka saa kumi na moja jioni. Ukiongeza nusu saa ya teksi-basi asubuhi na dakika arobaini za jioni, ambazo katika miezi ya mvua huzidi kwa sababu ya mashimo yaliyojaa maji, hakuna namna siku ya mfanyakazi wa kawaida inaweza kuingia ndani ya siku ya kituo.

Mwaka wa kwanza pengo hilo sikuliona, na hapo ndipo nilipojidanganya. Mama anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, yanayolipwa kama muda wa kazi. Nilimpelekea mkuu wangu kifungu hicho kikiwa kimechapishwa, naye akakubali niyaunganishe na kutoka saa kumi kamili, kabla barabara hazijasongamana, nikawa nafika langoni dakika chache kabla ya kufungwa. Mtoto alipotimiza mwaka na kuacha kunyonya mchana, saa ile ikarudi kwa ofisi. Kituo hakikubadilika, ni kwamba tangu mwanzo kilikuwa kimepimwa kwa mama mwenye mtoto wa ziwa.

Faini ya kuchelewa ni franka 1,500 kwa kila robo saa iliyoanza. Nikifika saa kumi na moja na dakika arobaini, hizo ni robo tano, yaani franka 7,500 kwa siku. Na kwa siku 16 hivi za mwezi ambazo mume wangu yuko Kolwezi, ni franka 120,000, zaidi ya nusu ya ada ya kawaida ya dola 60. Fedha hiyo inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni kumkuta mtoto ameketi kwenye benchi la langoni na mlinzi, begi mgongoni, hali walezi wamekwisha kuondoka. Nyumbani nako mama mkwe anangoja sindano yake kabla ya chakula cha jioni, na binti yangu wa miaka minane ndiye anayemsomea bibi yake namba za kipimo cha sukari mpaka nifike.

Nilifikiria kumwajiri msichana wa kazi, lakini asiyejua kuhifadhi maziwa wala kuandika joto la mtoto angenirudisha nyuma, na anayejua huajiriwa na wenye uwezo kunishinda. Kwa hiyo nimebaki. Mama anayerudi kazini na mtoto wa miezi miwili ningempeleka kituoni hapo mimi mwenyewe, kwa mkono. Mwenye mtoto aliyeachishwa ziwa ningemwomba kwanza aulize ni nani atakayekuwa na mtoto wake saa kumi na moja jioni, na kama huyo ni mlezi au ni mlinzi.

Mwezi huu tuliandika barua, wazazi kumi na mmoja, tukiomba mlezi mmoja abaki hadi saa kumi na mbili jioni nasi tugawane gharama badala ya kulipa faini. Mwenye kituo aliipokea Jumatatu. Jibu lake ni kwamba mlezi mmoja yuko tayari kubaki, iwapo tutamlipia pikipiki ya kumrudisha kwake, komine ya Ruashi, kwa sababu jirani anayemshikia mtoto wake hakubali kungoja kupita saa kumi na mbili na nusu.