Kinanda cha jukwaani cha kukaa nacho miaka mingi: anza na mipira iliyo chini ya vibonye

Malalamiko ninayoletewa na wapiga vinanda wa kwaya na wa bendi za harusi yanafanana mno. Kinanda kilinunuliwa kwa fedha nyingi, kikatumika vizuri miaka miwili mitatu, kisha katikati ya wimbo wa taratibu kibonye kimoja kikapaza sauti ghafla ingawa kidole kilikigusa polepole. Mwenyewe hudhani spika imekufa, fundi redio hushuku saketi, na kosa liko mahali ambapo hakuna aliyepatazama.

Chini ya kila kibonye kuna kibonge kidogo cha mpira chenye vidoa viwili au vitatu vya kaboni. Unapobonyeza, kidoa cha kwanza hugusa ubao wa saketi kabla ya cha pili, na kinanda hupima muda uliopita kati ya miguso hiyo ili kujua nguvu ya kidole, ambayo huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127. Vumbi au unyevu ukiingia kwenye kidoa kimoja, hesabu huharibika, na sauti hutoka kwa nguvu zote au haitoki kabisa. Kwetu Dar es Salaam, kama ilivyo Tanga na Mombasa, hewa ina chumvi na madirisha ya kanisa hubaki wazi mchana kutwa, kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kinanda chochote ni kama mipira hiyo itapatikana ikichoka. Wingi wa sauti na urembo wa skrini nawaachia wengine.

Sifichi kwamba mimi ni mtu wa Yamaha, na ninaweka mbele CP88 iliyotoka mwaka 2019. Vibonye vyake vyeupe vina mbao ndani, waya wa umeme unaingia moja kwa moja kwenye kinanda bila adapta ya kupotea, na vipuri vya kampuni hiyo huagizwa kwa namba ya kipande, ukanda mmoja wa mpira kwa wakati wake. Uzito wake ni kilo 18.6, hivyo si mzigo wa kupanda nao daladala. Anayehama kila Jumapili atazame ndugu yake CP73, yenye kilo 13.1 na vibonye 73, ambavyo kwa nyimbo za ibada vinatosha na kubaki.

Ya pili ni Roland RD-88 ya mwaka 2020, yenye kilo 13.5 na spika zake yenyewe, jambo linalowafaa wanaofanya mazoezi mahali pasipo na vyombo. Inatumia adapta ya nje, nami nashauri adapta hiyo ifungwe kwa kamba kwenye mfuko. Nord za Uswidi naziweka nafasi ya tatu kwa sababu ya bei tu, maana vibonye vya nyingi kati yake hutengenezwa na Fatar ya Italia, kampuni inayowauzia watengenezaji wengi, na fundi akijua aina ya vibonye hahangaiki kutafuta mpira wake. Kwa mwenye fedha kidogo ipo Casio PX-S1100, kilo 11.2, inayowaka hata kwa betri sita ndogo umeme ukikatika, itumie nyumbani.

Dukani usicheze wimbo unaoupenda. Vaa vipokea sauti vya masikioni, kisha bonyeza vibonye vyote 88 kimoja baada ya kingine, taratibu kiasi cha kutosikika kwa urahisi. Kile kitakachopaza sauti kuliko jirani zake ndicho kilichoanza kuugua. Ugonjwa wenyewe unatibika: fundi hufungua, husafisha kaboni na ubao kwa spiriti safi bila kugusa vidoa kwa vidole, na mpira uliokwisha hubadilishwa. Nyumbani, funika kinanda kwa kanga au kitenge; nailoni huhifadhi unyevu ndani.

Tatizo ni kwamba wauzaji wengi hawataki ufanye jaribio hilo. Watakubonyezea muziki wa maonyesho uliorekodiwa kiwandani, ambao haupiti kwenye mipira kabisa, kisha waseme umesikia mwenyewe. Wapo pia wanaouza vilivyotumika kutoka Japani bila kutaja kwamba vingi ni vya volti 100, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Kikichomekwa ukutani bila transfoma, saketi huungua, na risiti imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudi. Wengine hutoa pedali kwenye boksi na kuiuza kando kama ziada. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba kitabu cha maelekezo, fungua ukurasa wenye orodha ya vitu vinavyokuja na kinanda, na uvihesabu mbele ya muuzaji kimoja kimoja.