Karakana ya nakshi ya Langoni: mkono unafunzwa, cheti hakitoki

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne na alama ya D+, na nyumbani kukawa kimya kama kwenye msiba, kwa kuwa chuo kikuu hutaka C+ na kuendelea. Alama hiyo ilimtosha kusomea cheti cha ufundi chuoni, lakini mwenyewe alitaka kuchonga milango. Nilimpeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu mjini, ambaye hapokei wanafunzi zaidi ya wanne kwa wakati mmoja. Huu ni mwaka wa pili, na ningependa wazazi wenzangu wajue nilichokiona.

Kufunza, fundi huyu anakujua. Miezi mitatu ya mwanzo kijana hakugusa ubao wa mteja. Alifagia, alipiga msasa, na alinoa patasi juu ya kinoo mpaka akaweza kuyatambua makali kwa kidole. Nilidhani anatumikishwa bure, nikaenda kulalamika. Fundi alinipa patasi mbili, moja butu na moja kali, akaniambia nichonge kipande cha mwembe, nikaona kwa macho yangu jinsi ile butu inavyozichana nyuzi za mti badala ya kuzikata. Sikurudi tena na lalamiko hilo. Baadaye wakaingia kwenye mnyororo unaozunguka fremu, ambao kwa mtazamaji ni nakshi nyepesi, ilhali pete zikipishana ukubwa hata kidogo tu, kosa hujikusanya na kujitokeza pale kwenye kona. Mfaa, ule ubao wa katikati ambao mgeni huutazama kabla hajabisha hodi, aliachiwa auchonge baada ya mwaka mzima.

Kazi haikosekani. Mji wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na nyumba zake zinapokarabatiwa huhitaji mafundi wa mtindo wa asili. Ada hakuna, mzazi hununua patasi, na mwanafunzi huanza kupewa chochote mkono wake unapofaa kwa mlango wa mteja.

Kasoro zipo, nami sitazificha. Vumbi la mbao ni jingi na barakoa hakuna, hivyo nilimnunulia mwenyewe. Hesabu ya makadirio haifundishwi, na hadi leo kijana hawezi kumwambia mteja mlango utakula mbao kiasi gani na siku ngapi. Kubwa zaidi ni cheti. Fundi husema mlango ndio cheti, na hapa mjini ni kweli, kwa sababu watu hutambua mkono wa kila fundi; lakini kontrakta wa Mombasa asiyemjua mtu atauliza karatasi. Dawa yake ni mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani), ambao hata aliyejifunzia kazini huruhusiwa kuufanya, akianzia Daraja la III na kupanda hadi la I.

Kwa hiyo ninaipendekeza karakana hii kwa dhati, kwa sharti moja: siku ya kwanza kabisa, mzazi na fundi wakubaliane lini kijana ataachiliwa kwenda kufanya mtihani huo. Mimi sikufanya hivyo, na mpwa wangu aliukosa kwa sababu ya mlango wa mteja uliokuwa haujaisha.