Four Tops wa leo: sikilizeni sauti za katikati

Kila ninapomwambia mtu kwamba Four Tops, kundi la soul la Detroit, bado wanazunguka na kuimba, swali linakuwa hilo hilo: nani amebaki? Hakuna. Lawrence Payton alifariki Juni 1997. Obie Benson akamfuata Julai 2005, Levi Stubbs Oktoba 2008, na Duke Fakir, wa mwisho kati ya wale wanne wa Detroit, alituaga Julai 2024 akiwa na miaka 88. Wanaopanda jukwaani kwa jina hilo sasa ni Alexander Morris, Ronnie McNeir, Roquel Payton na Michael Brock. Nimekwenda kuwasikiliza, nimekaa mpaka mwisho, na nasema wazi kwamba pesa ya tiketi haikupotea.

Ila niseme pia nilichokwenda kukisikiliza, kwa sababu naona wengi wanampima mtu asiye mtu wa kumpima. Watu hukaa ukumbini wakimtazama anayeimba mstari wa mbele, wakimlinganisha na Stubbs, aliyekuwa akiongoza zamani, na wimbo wa tatu haujaisha wameshatoa hukumu. Mimi nimeimba teno, ile sauti ya juu ya kiume, kwenye kwaya karibu maisha yangu yote, na masikio yangu yamezoea kwenda kwingine. Kundi la sauti huponea katikati, au hufia hapo hapo: sauti ya pili na ya tatu, zile ambazo hakuna anayezipigia makofi. Ukitoa sauti ya kuongoza, unabaki na wimbo usio na mwimbaji. Ukitoa za katikati, huna kundi, una mtu mmoja na bendi yake.

Four Tops wa mwanzo walilijua hilo vizuri kuliko makundi mengi ya Motown, kampuni ya rekodi iliyoanzia Detroit. Stubbs na Fakir walisoma Pershing High School, Payton na Benson walisoma Northern, wakakutana wakiwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walijiita Four Aims kwanza, kisha wakabadili jina ili wasichanganywe na Ames Brothers, kundi jingine la waimbaji. Mpaka wanaingia Motown mwaka 1963 walikuwa wameshaimba kwenye vilabu kwa karibu miaka kumi, tena wakiimba jazi na nyimbo za majukwaa ya watu wazima, si pop ya vijana. Payton ndiye aliyekuwa akipanga sauti: wewe shika hapa, wewe panda, wewe kaa chini yake. Fakir alikuwa teno ya kwanza, Payton ya pili, Benson chini. Stubbs alikuwa na sauti nzito ya kiume katika zama ambazo makundi mengi yaliwekewa teno nyepesi mbele, na watunzi Holland, Dozier na Holland wakamfanyia jambo la makusudi: walimpandishia kii, yaani kimo cha wimbo, mpaka ukingoni mwa sauti yake, ili kila mstari utoke kama mtu anayeomba kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana hata leo ukisikia "Reach Out I'll Be There" ya 1966 unajikuta umesimama. Wimbo ule ulishika namba moja Marekani na Uingereza, nami sijapata kusikia mtu akiuimba akiwa amestarehe. Haustareheshi koo la mtu yeyote.

Na kwa zaidi ya miaka arobaini hakutoka mtu. Wanne wale wale, tangu ujana mpaka Payton alipofariki. Stubbs alishawishiwa mara nyingi aende peke yake, akakataa. Motown ilipohamia Los Angeles mwaka 1972, wao walibaki Detroit, wakahamia kampuni nyingine ya rekodi na mwaka uliofuata wakatoa "Ain't No Woman (Like the One I've Got)", iliyofika namba nne Marekani. Kwa kundi lililoshikamana namna hiyo, urithi ni jambo gumu sana, kwa kuwa kilichopendwa ni zaidi ya nyimbo. Watu walipenda ile hali ya wanaume wanne wanaojuana mpaka pumzi.

Wengi hawajui kiungo kilipitaje, na mimi naona hapo ndipo penye jibu la kama jina hili bado lina haki ya kubandikwa kwenye bango. Payton alipofariki, aliingia Theo Peoples, aliyetoka Temptations, kundi jingine la Motown. Stubbs alipopata kiharusi mwaka 2000, Peoples akasogezwa mbele kuongoza, na mahali pa Payton akawekwa Ronnie McNeir, mwanamuziki wa Michigan aliyekuwa na albamu zake mwenyewe tangu miaka ya 1970. Benson alipofariki 2005, akaja Roquel Payton, mtoto wa Lawrence. Tazama: mtoto hakuingia mahali pa baba yake. Pale palikuwa na mtu tayari. Yeye alikwenda kujaza pengo la Benson. Baadaye Peoples akaondoka, akaja Harold Bonhart, kisha Morris. Fakir alipostaafu mwaka huo huo aliofariki, nafasi yake ikachukuliwa na Brock.

Hakuna usiku ambao kundi zima lilikuwa jipya. Kila aliyeingia alikuta wenyeji, akafundishwa na wenyeji, na wote waliomtangulia Brock waliimba miaka wakiwa wamesimama bega kwa bega na mtu aliyekuwepo studio Detroit wakati nyimbo zile zinarekodiwa. McNeir ameimba pembeni ya Benson, na pembeni ya Fakir kwa zaidi ya miaka ishirini. Morris naye aliwahi kusimama na Fakir kwa miaka kadhaa. Huwezi kusema hivyo kuhusu kila jina la soul linalozunguka. Drifters, kwa mfano: mwaka 1958 meneja wao, George Treadwell, aliyekuwa mwenye jina, alifukuza kundi zima na kukabidhi jina hilo kwa kundi jingine kabisa, Five Crowns, ambalo ndani yake alikuwemo Ben E. King. Muziki uliotoka hapo ulikuwa mzuri mno, siukatai, lakini kamba ilikatwa. Na baada ya hapo Marekani ikajaa makundi yenye majina ya watu wengine, mpaka majimbo mengi yakatunga sheria ya kuwazuia wanaojipachika majina ya makundi maarufu. Mary Wilson wa Supremes alikuwa mmoja wa waliopigania sheria hizo. Kwa hiyo mtu anapouliza "hawa ni wa kweli?" ana sababu ya kuuliza, wala asionekane mkorofi.

Nije kwenye onyesho lenyewe. Suti zinazofanana, hatua zinazofanana, bendi kubwa nyuma yao yenye tarumbeta na saksafoni. Hayo mnayajua. Morris anaongoza sehemu kubwa, na kilichonifurahisha ni kwamba hamwigi Stubbs. Kuna waimbaji wanaorithi nyimbo hizi na kuanza kukwaruza koo tangu mstari wa kwanza, wakidhani ule ukali ndio wimbo. Morris anaanza chini, anaimba maneno yasikike, na anauweka ukali pale ambapo wimbo wenyewe unaudai. Ana kifua cha kutosha. Alipofika sehemu ya "Reach Out" ambapo kiongozi anakaribia kusema badala ya kuimba, alisema kweli, akimwambia mtu, na watu waliokuwa mbele yangu waliacha kupiga video.

Lakini "Baby I Need Your Loving" ndiyo iliyonionyesha kwamba kundi hili ni hai. Wimbo huu wa 1964 ndio uliowafungulia mlango Motown. Kwenye rekodi, juu ya sauti za wanaume kuna sauti za wanawake watatu, Andantes, ambao walitumika kwenye nyimbo nyingi za Motown na majina yao hayakuandikwa kwenye jalada. Jukwaani hawapo. Kwa hiyo wanaume wanne wana kazi ya kujaza nafasi iliyokuwa ya watu saba, na makundi mengi yakifika hapo huachia kinanda na tarumbeta zifunike. Usiku ule bendi ilishushwa kabla ya kiitikio. Ngoma zikabaki kidogo tu. Nikazisikia zile sauti tatu za nyuma zikifunguka taratibu: ya chini ikatangulia kukaa, ya juu ikapanda, kisha McNeir akaingia katikati na noti moja ambayo kwa muda mfupi ilisuguana na ya jirani yake kabla haijatulia. Ule msuguano ndio wenyewe. Mtu anayejifunza wimbo kwa kusikiliza rekodi peke yake huwa anausawazisha bila kujua, kwa sababu kwenye spika hausikiki wazi. Unaupata kwa kufundishwa na aliyekuwa akiuimba. Nilishika mkono wa niliyekuwa naye, na hakuelewa kwa nini.

"Bernadette" nayo ina mtego wake. Kuna mahali karibu na mwisho muziki wote unakatika, unadhani umekwisha, halafu kiongozi analiita lile jina peke yake na bendi inarudi. Kwenye rekodi ya 1967 gitaa la besi la James Jamerson halitulii hata kidogo, linazunguka chini ya waimbaji kama mtu anayetafuta mlango, kwa hiyo ukimya ule unapokuja unashtua. Mpiga besi wa usiku ule aliuheshimu wimbo, akapiga noti nyingi bila kujionyesha. Na ule ukimya ulikaa. Kuna bendi zinazouogopa, zinaujaza kwa matoazi. Hawa waliuacha.

Kasoro nilizoziona ni za ukumbi na waandaaji. Nusu ya kwanza ya onyesho fundi mitambo alikuwa ameweka maiki ya kiongozi juu sana na zile tatu chini, kana kwamba ni msanii mmoja na waitikiaji wake. Kwa kundi lolote la sauti hilo ni kosa kubwa, na kwa hili ni kulinyang'anya kile kinacholifanya kuwa kundi. Alirekebisha baadaye, na tofauti ilisikika papo hapo. Jambo la pili ni muda. Waandaaji wanapenda kuunganisha makundi mawili au matatu ya zamani kwenye tiketi moja, na kila moja linapewa nafasi ya kuimba vibao vinavyojulikana tu. Mtu anaondoka ameimbiwa nyimbo ambazo hata redioni angezisikia. Kundi lenye uwezo huu lipewe saa moja na nusu yake.

Wakipewa, ombi langu ni moja: "Still Water (Love)" ya 1970. Ule ni wimbo ambao Stubbs hapigi kelele hata mara moja, sauti zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na kiongozi ni mmoja tu kati ya wanne. Kwa Morris, McNeir, Payton na Brock ndio ungefaa kuliko vibao vyote vya haraka, kwa sababu hapo hakuna mtu wa kulinganishwa na Stubbs akiwa kwenye ukali wake. Ungewaacha wasikike kama walivyo.

Kuhusu Brock, bado ni mapema, na sitaki kumbebesha mzigo ambao hajapewa muda wa kuuzoea. Amekabidhiwa sauti iliyoshikwa na mtu mmoja kwa miaka sabini. Nilichokiona ni kwamba anawatazama wenzake sana, macho yake yanakwenda kwa McNeir kabla ya kila badiliko, na pumzi anazikata pamoja nao. Hiyo ni tabia nzuri kwa aliyeingia mwisho. Teno ya kwanza isiyowatazama wenzake huvuta kundi zima juu ya kii, na wimbo unaanza kuchoka kabla ya waimbaji.

Roquel Payton nilimfuatilia kwa sababu nyingine. Anazungumza na watu kati ya nyimbo kwa utulivu, na anaposhika mstari wa chini hasogei. Ana uzito. Nilijikuta nikifikiria namna ambavyo baba yake alizipanga hizi sauti, na yeye sasa anaimba mstari ambao baba yake alimtungia rafiki yake Benson. Benson huyo huyo ndiye aliyeshiriki kuandika "What's Going On" ya Marvin Gaye, jambo ambalo hata mashabiki wa siku nyingi hulisahau.

Kwa anayefikiria kwenda: usinunue viti vya mbele kabisa. Pale utapata spika za pembeni na jasho la Morris, lakini sauti hazijakutana bado. Kaa katikati ya ukumbi, karibu na meza ya fundi mitambo kama inawezekana, kwani yeye hupima kwa masikio yake kutoka hapo. Kabla ya kwenda, sikiliza rekodi za 1964 mpaka 1967 kwa spika za masikioni na ujaribu kumfuata mtu mmoja tu wa nyuma kutoka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Fanya hivyo na "Baby I Need Your Loving". Ukifika ukumbini, mtafute mtu huyo huyo. Na kama unaye mzee nyumbani aliyecheza nyimbo hizi ujanani, mnunulie tiketi naye, na umwambie mapema kwamba wale wanne hawapo, ili asije akakaa anawatafuta nyuso na kuziacha sauti zipite.